Uji wa Mama Mkwe

Ukungu wa Kibugu haujui adabu. Huingia nyumbani bila kupiga hodi, ukakaa jikoni kama mwenye boma, na mtu akiamka mapema huianza siku bila hakika kama ameamka kweli au bado anaota. Asubuhi hiyo Ciakuthii alichochea moto akiwa katika hali hiyo hiyo. Mikono yake ilikuwa macho, lakini mwenyewe alikuwa bado njiani. Alikoroga uji wa wimbi aliouchachusha kibuyuni tangu mwanzo wa juma, akauonja kwa ncha ya ulimi, akaridhika. Ulikuwa umefikia ule uchachu wa kumfanya mtu afumbe jicho moja.

Uji huo ulikuwa wa Kathure, mke wa mwanawe, na hilo lilikuwa jambo la kushangaza. Siku ya kwanza Mugendi alipomleta yule binti kutoka Meru, Ciakuthii alimpikia uji wa namna hiyo hiyo, akamtilia katika kikombe cha wageni. Binti akanywa funda moja, akakunja uso mbele ya akina mama wa kanisa, akakitua kikombe chini. Hapakuzuka ugomvi. Ciakuthii alikichukua kikombe, akammalizia, na tangu siku hiyo hakumpikia tena. Wawili hao waliishi boma moja kwa heshima ya baridi, wakisalimiana vizuri, wakichuma majani ya chai mistari miwili iliyopakana, kila mmoja na jiko lake. Akimtaja kwa watu, Ciakuthii husema "yule Mmeru wa Mugendi," kana kwamba mtoto wa watu hakupewa jina alipozaliwa.

Lakini sasa yule Mmeru wa Mugendi alikuwa amelazwa hospitali ya misheni, chini kule Embu mjini, kwa ajili ya rovu la shingoni. Lilianza dogo kama kokwa, akalifunika kwa skafu. Likakua, na skafu nazo zikakua. Watoto wa sokoni wakaanza kumnyooshea kidole, na kwenye kituo cha kupimia majani kuna mwanamume aliyemuuliza mbele ya foleni nzima kama amemeza embe. Sauti yake iliyokuwa ikiongoza waimbaji kanisani ikaanza kukwaruza. Siku za karibuni alikuwa akilala ameketi, maana akijinyoosha tu rovu linamkaba. Mugendi alizunguka hadi viatu vikalika upande, akapata nafasi kwa daktari wa upasuaji ambaye hufika pale mara moja moja. Nafasi yenyewe ilikuwa leo.

"Mtu haendi kwenye kisu na tumbo tupu," Ciakuthii aliuambia moto. Moto haukumbishia.

Akajaza thamosi, akafunga kikombe cha wageni ndani ya leso, akapanda pikapu ya maziwa iliyokuwa ikiteremka mjini.

*

Askari wa lango alimwambia saa ya kuona wagonjwa bado. Ciakuthii hakubishana naye. Alifungua thamosi, akamtilia kidogo kwenye kifuniko, na askari akanywa, akafumba jicho moja, akafungua lango.

Kathure alikuwa ameketi kitandani, ameegemea mito, na macho yake yalikuwa makubwa katika mwanga wa kijivu wa dirisha. Bila skafu, shingo yake ilionekana wazi, na Ciakuthii akatazama pembeni, kwa kuwa hakuwa amewahi kuiona hivyo. Juu ya kitanda palikuwa na kibao cha maandishi ya Kizungu. Alidhani ni namba ya kitanda.

"Mama? Umefikaje saa hii?"

"Na gari ya maziwa. Kaa vizuri. Nimekuletea ucuru."

Ucuru ni uji, ila kwa watu wa huko neno hilo lina moto wake na jiko lake. Kathure alilisikia. Alitazama mlangoni, akatazama kile kibao.

"Mama, jana sista alisema ati nisi..."

"Najua ule wa siku ile haukukupendeza," Ciakuthii alisema upesi, akimimina. Matone mawili yakaanguka kwenye shuka. "Huu nimepika mwenyewe. Sijatuma mtu. Nimeamka nikasema, wacha nimpelekee mimi."

Mvuke ulipanda kati yao. Kathure alimtazama mama mkwe wake kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Kisha akakipokea kikombe kwa mikono yote miwili, akanywa, akapumzika, akanywa tena mpaka chini. Hakukunja uso hata kidogo.

"Asante, Mama. Ni tamu."

Furaha iliyomwingia Ciakuthii ilikuwa kubwa kuliko kimo chake. Alimfunika miguu kwa leso, akampapasa goti, akasahau kabisa kujiuliza kwa nini binti alifuta midomo haraka na kukisukuma kikombe chini ya mto sista alipotokea mlangoni.

*

Mugendi alifika amevaa koti lake la Jumapili. Walimsindikiza Kathure pamoja, yeye akishika ukingo wa kitanda cha magurudumu, mama akifuata nyuma na thamosi yake kwapani. Kwenye milango ya thieta, chumba cha upasuaji, palikuwa na mstari mwekundu sakafuni, na mbele ya mstari huo alisimama daktari wa usingizi, mwanamke mwembamba aliyefunga nywele kwa kofia ya kitambaa. Alijitambulisha kwa jina la Marcella. Alizungumza polepole, kama mtu ambaye kazi yake ni kulaza watu.

"Kathure, mimi ndiye nitakayekaa kichwani pako mpaka uamke. Nijibu kweli. Tangu jana jioni umekula au umekunywa chochote?"

"Maji tu, daktari. Kidogo, ya kumezea dawa."

"Maji peke yake?"

"Maji peke yake."

Ciakuthii alisikia. Tena alisikia na akatabasamu kimoyomoyo. Aliona binti ana akili, ameificha siri yao, siri ya wanawake wawili wa boma moja ambayo wanaume na madaktari hawana haja nayo. Hakuwahi kuwa na siri na mke wa mwanawe. Milango ilifunguka, kitanda kikavuka mstari, milango ikajifunga.

Akaketi kwenye benchi. Ukumbi ulikuwa na joto, na harufu ya dawa ilikuwa na utamu fulani wa kulegeza mwili. Alikuwa ameamka mapema mno. Kichwa kikamwinama, akaona shamba lao la Kibugu likielea katika ukungu, na Kathure akichuma majani mstari wa pili, hana skafu, shingo nyembamba kama ya msichana, akiimba. Alikuwa akienda mbali, mstari baada ya mstari, na ukungu ukimfunga nyuma yake. Ciakuthii alitaka kumwita. Akafungua kinywa, akakuta hajui amwite nani.

Alishtuka. Karibu naye alikuwa ameketi mama wa Kisomali aliyejitanda shela ya rangi ya zambarau.

"Ulikuwa unaongea, mama," yule mama alisema kwa upole. "Mimi naitwa Ebla. Tunatoka Maua. Mtoto yangu iko ndani tayari, ni tumbo. Wewe uko na nani?"

"Mke wa kijana wangu. Ni shingo." Ciakuthii akakumbuka adabu, akafungua thamosi. "Kunywa uji kidogo, umekaa sana hapa."

"Asante, lakini haiingii. Toka jana yeye amefunga, na mimi nimefunga na yeye. Asubuhi amelia maziwa, amelia, mpaka nikatoka nje nikaacha baba yake. Ningebaki ningempatia."

"Na kwa nini hukumpa? Mtoto mgonjwa?"

Ebla alimgeukia kabisa. "Kwani hawakukuambia nyinyi? Ile usingizi si kama ya nyumbani. Hata koo inalala. Kitu iko kwa tumbo inapanda juu, inakosa njia, inaingia kwa mapafu. Mtu anazama na yuko kitandani. Mtoto wa jirani yetu alipewa chai ya maziwa na nyanya yake. Kidogo tu." Akajifunga shela vizuri. "Hakuamka."

"Hata uji?" Ciakuthii aliuliza. Sauti yake ilitoka ndogo.

"Uji? Uji ni mzito zaidi, mama."

Thamosi ilikuwa bado wazi mkononi mwake, na uchachu ulimpanda puani. Akaifunga. Mugendi alikuwa mwisho wa ukumbi, dirishani, akiongea kwa simu, akicheka kidogo, akimwambia mtu kwamba ameingia tayari, sasa ni kungoja tu.

Sitasema uongo kwa niaba ya Ciakuthii. Alifikiri kunyamaza. Alijiambia ni kikombe kimoja. Alijiambia kwamba hao madaktari wana mashine. Alijiona akisimama mbele ya watu hawa wote kusema kwamba yeye, mama wa kanisa, mwenye wajukuu, ndiye aliyemtilia mwenzake kitu cha kumuua, na aliijua Kibugu, alijua habari itafika nyumbani kabla yake. Wangesema hakumpenda tangu mwanzo. Wangekumbuka kile kikombe cha kwanza, wakahesabu na hiki. Na daktari wa upasuaji angeondoka, nafasi ingepotea, na Mugendi asingemsamehe. Aliyafikiri hayo yote akiwa bado ameketi.

Kisha akakumbuka binti alivyomtazama kupitia ule mvuke. Alikuwa anajua. Alijua yote, na akanywa.

Ciakuthii alisimama. Alifika kwenye mstari mwekundu, akavua viatu vyake vyenye matope ya Kibugu, akaviweka sambamba, akavuka na miguu mitupu.

"Mama! Hapo hapapitwi," sista mmoja alimwita kutoka mezani. "Rudi nyuma, tafadhali."

Aliendelea. Nyuma ya mlango wa pili alisikia mtu akiuliza maswali kwa sauti na wengine wakiitikia, kama maombi ya kanisani. Jina la mgonjwa. Upasuaji wa shingo. Damu ipo tayari. Akaupiga mlango ule kwa kiganja.

"Msimlaze!" Akapiga tena. "Yule wa shingo, msimlaze. Si maji. Nimempa uji. Ni mimi nimempa."

Maswali yakakoma. Mlango ukafunguka kidogo, na macho ya Daktari Marcella yakatokea juu ya barakoa.

"Uji gani?"

"Wa wimbi. Wa kuchacha."

"Lini?"

"Asubuhi hii hii. Kikombe kizima."

Daktari alifumba macho mara moja, akayafumbua. Aligeuka na kusema neno moja kwa watu wa ndani, na Ciakuthii akasikia kitu cha chuma kikirudishwa mezani taratibu. Aliteremka ukutani mpaka sakafuni, akakaa pale pale, na sista aliyekuwa akimkemea akamshika mkono badala ya kumtoa.

*

Fedheha nayo haikuchelewa. Mugendi alikuja mbio, akaelezwa, na akasahau kwamba ukumbi una watu.

"Mama, ulikuwa unataka kumuua? Niambie tu. Ulikuwa unataka nirudi nyumbani na nini?"

Watu waligeuza vichwa. Ciakuthii alikuwa bado hana viatu, na alisikia ubaridi wa saruji ukimpanda miguuni. Ebla peke yake ndiye aliyeangalia chini, akimwonea haya kwa niaba yake.

Kitanda cha magurudumu kilitoka. Kathure alikuwa macho, sindano imebandikwa mkononi, na alikuwa amesikia.

"Mwache Mama," alisema kwa ile sauti yake ya kukwaruza. "Mimi ndiye niliambiwa. Yeye hakuambiwa."

"Sasa kwa nini ulikunywa? Ungekataa!"

"Ningemrudishia kikombe mara ya pili?"

Daktari Marcella alikuwa ameshusha barakoa, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka ghafla.

"Mimi sina haja ya kujua nani alipika," alisema, akimwinamia Kathure. "Lakini nisikilize. Nikishakulaza, mimi ndiye ninayekupumulia. Na kwa shingo yako hiyo, njia ya pumzi ni nyembamba tayari. Siwezi kumpumulia mtu anayenificha. Adabu yako ya nyumbani uiache pale mlangoni, pamoja na vile viatu vya mama yako."

Kathure alianza kulia, na kilio chenyewe kilimkaba, ikabidi wamketishe. Ciakuthii alimtazama akipigania hewa, akatamani ardhi immeze. Daktari wa upasuaji, baada ya kukunja uso na kutazama saa yake kwa muda, alikubali kulala Embu hadi kesho. Zaidi ya hapo hakuahidi kitu.

*

Ndipo ulipoanza ule ulinzi ambao wodi ile bado inauzungumzia. Ciakuthii aliketi kando ya kitanda mikono mitupu, na jua liliposhuka alitangaza kwamba hata yeye hali wala hanywi mpaka mambo yaishe. Sista alimwambia si lazima. Akajibu kwamba hajauliza.

Asubuhi iliyofuata, akina mama wa kanisa walishuka kutoka Kibugu. Habari ilikuwa imefika, kama alivyojua, nao walikuja na faraja yao yote: thamosi tano, viazi vilivyofungwa kwa majani ya ndizi, chupa ya maziwa mala. Mbele yao alikuwa Nelius, mwenyekiti, mwanamke asiyekataliwa kitu na mtu yeyote katika kata nzima. Mugendi aliwapitisha langoni. Ciakuthii aliwakuta mlangoni mwa wodi, akatandaza mikono kutoka nguzo hii hadi nguzo ile.

"Salamu zipite," alisema. "Chupa zibaki nje."

"Ciakuthii, tumetoka mbali," Nelius alisema huku akicheka. "Hata chai kidogo? Chai si chakula."

"Hata harufu ya chai."

"Kwa hivyo unatufukuza?"

Mgeni mwenye chakula hafukuzwi, si Kibugu wala Kanja wala kokote wanakoishi watu. Ciakuthii alilijua hilo tangu kunyonya. Alisikia uso ukimwaka moto.

"Jana nilikuwa mimi na thamosi kama hiyo yako," alisema. "Nilitaka kumuua mtoto wa wenyewe kwa wema. Mtanisema mkifika nyumbani. Nisemeni. Lakini hamwingii."

Nelius alimtazama, akaona si mzaha. Aliitua thamosi yake ukutani, na wengine wakatua zao, zikajipanga mstari nje ya mlango kama viatu vya msikitini. Wakaingia mikono mitupu, hawajui waiweke wapi, wakaimba wimbo mmoja kwa sauti ya chini. Kathure hakuweza kuimba nao, ila midomo yake ilifuata maneno.

Walipokuja kumchukua, Daktari Marcella aliuliza lile swali lake tena, tangu jana jioni umekula au umekunywa chochote. Kathure alimgeukia mama mkwe wake.

"Hakuna," Ciakuthii alisema. "Hata mate yake nimeyahesabu."

*

Kungoja kulikuwa kurefu, na ukumbi ulikuwa na joto lile lile la kulegeza. Ebla hakuwapo, mtoto wake alikuwa ameamka salama, na alimwachia Ciakuthii salamu na tende mbili zilizofungwa kwenye karatasi. Ciakuthii alizishika bila kuzila. Njaa ilimfanya mwepesi. Aliona ukungu ukiingia kwa chini ya milango ya thieta, ukitambaa sakafuni hadi kwenye mstari mwekundu, ukisita pale. Ndani ya ukungu kulikuwa na mtu anapumua. Si yeye anayejipumulia, kuna mwanamke mwembamba amekaa kichwani pake akimvutia pumzi moja, akimrudishia, akimvutia nyingine. Ciakuthii akajikuta anapumua nao kwa pamoja. Alipotaka kusimamisha aliogopa, kana kwamba akisimama yeye na wao watasimama. Akaendelea hivyo, hajui ni kwa muda gani.

"Mama Mugendi."

Alifumbua macho. Daktari Marcella alikuwa amesimama mbele yake, kofia mkononi, nywele zimelala upande mmoja.

"Imeisha vizuri. Nimemruhusu mtu mmoja aingie, na Kathure, kabla hajalala, alikutaja wewe. Vaa viatu hivi vya humu ndani."

Chumba cha kuamkia kilikuwa cheupe na kimya. Kathure alikuwa amelala, na Ciakuthii alichukua muda kuelewa kilichokuwa kigeni machoni pake. Alikuwa amejinyoosha. Kichwa kilikuwa kimeinuliwa kidogo tu, na shingoni palikuwa na bandeji mahali pa ule mzigo. Kifua kilipanda na kushuka chenyewe.

"Kuna jambo moja bado," daktari alisema kwa sauti ya chini. "Mshipa wa sauti unapita hapo hapo tulipokata. Nataka aongee." Akamwinamia. "Kathure. Kathure, amka kidogo. Sema neno lolote, nikusikie."

Kope zilitikisika. Macho yalifunguka, yakazunguka darini, yakashuka, yakampata Ciakuthii. Yalikuwa macho ya mtu ambaye bado yuko mashambani, anakuja polepole kupitia majani. Midomo ilifunguka bila kutoa kitu. Ciakuthii alishika ukingo wa kitanda. Mwombee, alijiambia, na hakukumbuka hata neno moja la kuombea.

"Mama," Kathure alisema.

"Niko hapa."

"Ule uji wako." Sauti ilikuwa dhaifu, lakini safi, haikuwa na mkwaruzo hata kidogo. "Ni mchachu sana. Tangu ile siku ya kwanza. Mimi siuwezi."

Daktari Marcella aligeukia ukutani, mabega yakitikisika kwa kicheko. Ciakuthii alisimama na zile tende mbili mkononi, machozi yakimtiririka mpaka kwenye kidevu, akiwa hajui kama anacheka au analia, na hakujali.

"Sasa si ungesema tu, Kathure," alisema.